Kikao cha Dharura Kuhusu Kipimo cha Jumapili cha Mzee Muoki

KIKUNDI CHA MKONDO MDOGO, THIKA NA RUIRU
(Wabunifu wa chipu ya kupima maji mwilini)

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, TAREHE 7 FEBRUARI 2026, KATIKA CHUMBA KILICHO JUU YA DUKA LA VIPURI LA NJAU, RUIRU, KUANZIA SAA NANE MCHANA

WALIOHUDHURIA
Mzee Zacharia Muriithi – Mwenyekiti
Bw. Njau Bedan – Mweka Hazina
Bi. Nyawira Githinji – Mhandisi, saketi ya mkondo
Bw. Kyalo Muoki – Mhandisi, kumbukumbu ya chipu
Bi. Kamene Muoki – Muuguzi na mshauri wa kikundi (dadake Kyalo)
Bi. Shiko Chege – Katibu

ASIYEHUDHURIA
Bw. Wamalwa – bila udhuru. Alipopigiwa simu alisema yuko hapa chini anaegesha pikipiki. Hadi kikao kinafungwa alikuwa bado anaegesha.

KUMB. NA. 1/2/2026: KUFUNGUA KIKAO

Wanachama walisimama, wakashikana mikono kwa mduara kama ilivyo desturi ya kikundi hiki, na Mwenyekiti akaomba. Aliomba kwa urefu, akataja kila mtu kwa jina, na mchoro wa chipu pia akautaja.

Baada ya kuketi, Mwenyekiti aliagiza kumbukumbu za leo ziandikwe kwa lugha nyepesi. Alisema zile za mwezi wa Novemba ziliandikwa na Kyalo wakati Katibu alipokuwa mgonjwa, na hakuna mtu aliyezielewa, hata Kyalo mwenyewe alipoulizwa. Kyalo hakujibu. Kwa kawaida angejibu.

Kwa lugha nyepesi basi: chipu yetu imefungwa ndani ya bangili mbili, moja kila mkono, zilizounganishwa kwa waya unaopita ndani ya shati. Inapitisha mkondo mdogo wa umeme, mdogo kiasi kwamba mtu hausikii, kutoka mkono mmoja kupitia kifuani hadi mkono wa pili, halafu inapima jinsi mwili unavyoukinza mkondo huo. Mwili ulioanza kujaa maji huachilia mkondo upite kwa urahisi, kwa hivyo ukinzani hushuka. Mgonjwa wa moyo akianza kujaa maji, chipu inatakiwa ijue kabla miguu haijavimba na kabla pumzi haijamkata. Hiyo ndiyo kazi yote. Tumekuwa juu yake miaka miwili.

Mwenyekiti alieleza kwamba kikao kimeitwa kwa dharura kwa sababu mbili zinazogongana. Ya kwanza, mchoro wa chipu ya pili unatakiwa kufika kwa kiwanda cha ng'ambo kinachochapa chipu kabla ya Jumatatu jioni, na ukichelewa tutangoja mpaka mwezi wa sita. Ya pili, chipu ya kwanza inasema kwamba Mzee Muoki wa Ngoliba anajaa maji, na hospitali inasema hajai. Mmoja kati ya hao wawili anakosea, na hatujui ni nani. Alikumbusha kwamba chipu si shati, ukishaichapa huwezi kuirudisha kwa fundi apunguze mikono.

KUMB. NA. 2/2/2026: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

Mwenyekiti aliuliza kama sharti la Mzee Muoki bado liko palepale. Kamene alijibu kwamba liko.

Kwa faida ya atakayesoma: Mzee Muoki ni babake Kamene na Kyalo. Ana ugonjwa wa moyo. Ndiye aliyemtafutia Kyalo kazi ya kudumu katika kiwanda kimoja, Eneo la Viwanda Thika, na Kyalo alipoiacha ili aje kuchora chipu, Mzee alimwambia asikanyage boma lake mpaka apate kazi inayoeleweka. Hawajaongea tangu hapo. Kamene alipomwomba babake awe wa kwanza kuvaa bangili, alikubali kwa sharti moja, kwamba asifungwe na Kyalo. Kwa hivyo Kamene ndiye huzifunga.

Katibu hangeandika mambo ya nyumba ya watu, lakini yanaingia kwenye Kumb. Na. 6 na haiwezekani kuyaruka.

KUMB. NA. 3/2/2026: TAARIFA YA KAMENE

Kamene alieleza kwamba tangu babake aanze kuvaa bangili mwezi wa Desemba, ukinzani wake umekuwa ukishuka kila jioni na kurudi juu baadaye. Mwezi huo ulikuwa ukishuka kama sehemu moja kwa saba. Yeye alidhani ni kawaida ya jioni, kwa sababu mtu akishinda ameketi maji huhama mwilini.

Kufikia katikati ya Januari ulianza kushuka karibu robo. Hapo simu zikaanza kulia, ya Kamene, ya Nyawira na ya Kyalo, kwa maana chipu hutuma onyo kwa wote watatu. Mara mbili Mzee amekimbizwa hospitali. Mara mbili amelazwa, akapimwa uzito, akasikilizwa kifua, akatolewa damu, na madaktari wakasema hakuna maji. Mara ya pili daktari alimuuliza Kamene, mbele ya babake, kama familia hii haina shughuli nyingine. Mzee amesema hatakwenda mara ya tatu hata abebwe.

Halafu ikaja Jumapili iliyopita. Mchana, wala si jioni, ukinzani ulishuka theluthi nzima. Haujawahi kufika hapo. Mamake Kamene alikuwa amekwenda harusi Matuu pamoja na mjukuu wao mdogo, Nzisa. Mzee alikuwa nyumbani peke yake.

Kamene alisema Jumatatu alimbonyeza miguu na kidole hakikuacha shimo. Uzito ni uleule. Mzee anakula, anacheka, anamwuliza kama ametumwa kumpima au kumtembelea. Mwenyekiti aliuliza, basi hofu ni ya nini. Kamene alijibu, na maneno yake yanawekwa hapa kama alivyoyasema: "Mzee Zacharia, mimi ni muuguzi. Nimeona mtu akiniomba chai asubuhi na mchana nikamfunika shuka. Niambieni kama hiki kitu kinasema ukweli ama kinadanganya. Kama ni ukweli, namfunga kamba namweka kwa gari leo. Kama ni uongo, nitoe hizi bangili nilale. Mimi silali."



KUMB. NA. 4/2/2026: NI SAKETI YA NANI YENYE KASORO

Nyawira alisema hatatia sahihi mchoro wa chipu ya pili mpaka swali la Kamene lijibiwe, na kwamba msimamo huo haubadiliki hata akipigiwa magoti.

Kyalo alisema jibu liko wazi. Saketi ya mkondo ya Nyawira inachoka na joto la Ngoliba. Mkondo ukipungua na chipu isijue umepungua, itahesabu kana kwamba ukinzani umeshuka, na kumbe mwili wa mgonjwa haujabadilika hata kidogo. Alisema kosa ni hilo na hakuna lingine, likubaliwe, lirekebishwe, mchoro uende.

Nyawira alijibu kwamba saketi yake aliiweka kwenye jiko la kuokea keki la mamake kule Thika, na siku ya pili akaiweka kwenye friji juu ya maziwa, na mkondo haukutikisika. Alisema pia kwamba leo amevaa bangili za akiba tangu tulipoketi baada ya sala ya kufungua, zimeunganishwa na kompyuta iliyo mezani, na chumba hiki cha mabati kina joto kuliko Ngoliba, na yeyote mwenye macho aangalie ule mstari kama unashuka. Wanachama waliangalia. Mstari ulikuwa umelala tuli.

Kisha akasema kama kuna kosa, ni kwamba chipu haiweki historia. Kila saa inahifadhi namba moja tu, ile ya chini kabisa, na nyingine zote inazitupa. Uamuzi huo ni wa Kyalo, ili betri idumu. "Mtu akiniambia mgonjwa ameshuka," alisema, "nataka kujua ameshuka kwa ngazi ama ameanguka ghorofani. Hii chipu inaniambia tu yuko chini." Alisema alipinga mwezi wa Novemba. Katibu alitafuta kwenye kumbukumbu za Novemba na kukuta sentensi moja: "Nyawira aliongea."

Kyalo alipandisha sauti. Alimwambia Nyawira, "Si useme tu saketi yako ni mbovu. Sema tumalize." Nyawira alikataa kusema. Kyalo alirudia. Nyawira alimwuliza amemkosea nini, kwa maana wamefanya kazi meza moja tangu chuoni na hajawahi kumwona hivi. Kyalo alirudia tena, "Sema tu ni mbovu," na Katibu aliona kwamba hakuwa akimwangalia Nyawira hata kidogo. Alikuwa akiangalia viganja vyake mwenyewe.

Njau alipendekeza mchoro utumwe Jumatatu kama ulivyo, kasoro zitafutwe baadaye. Kamene alimwuliza kama angesema hivyo mzee wa Ngoliba angekuwa babake. Njau alisema babake yuko Githurai 45 na ana afya kuliko yeye. Kila mtu aliongea kwa wakati mmoja na Katibu aliweka kalamu chini.

KUMB. NA. 5/2/2026: SALA YA KATIKATI

Wanachama wanajua mazoea ya Mwenyekiti. Ugomvi ukizidi, yeye hagongi meza. Husimama, akanyoosha mikono yake miwili, akangoja. Alifanya hivyo. Mmoja mmoja wanachama walisimama na mduara ukafungwa, Nyawira akiwa kati ya Mwenyekiti na Kamene, bangili zikiwa bado mikononi. Mwenyekiti aliomba subira, hasa kwa vijana.

Baada ya kuketi, Njau alisema kwamba kuna kitu. Alisema wakati wa sala ule mstari wa kwenye kompyuta ulishuka, ukabaki chini muda wote Mwenyekiti akiomba, na watu walipoachana mikono ukaruka juu tena.

Mwenyekiti alimwuliza alionaje, macho yakiwa yamefungwa. Njau alikiri kwamba huwa hafungi. Aliongeza kwamba leo angefunga tungekuwa bado tunagombana. Mwenyekiti alisema hilo lina kikao chake.

Nyawira aliomba mduara urudiwe, bila sala. Ukarudiwa. Watu sita wakishikana, mstari ulishuka sehemu moja kwa nane. Wakiachana, unarudi. Aliomba wabaki watatu. Ulishuka karibu robo. Aliomba Kamene peke yake amshike mikono yote miwili. Ulishuka theluthi.

Nyawira aliketi kwenye kiti cha karibu, ambacho kilikuwa cha Katibu, na akaeleza. Mtu akiwa peke yake, mkondo una njia moja tu, kupitia kifua chake. Akishika mikono kwa mduara, mkondo unapata njia ya pili, unatokea kiganjani, unapita kwa jirani, kwa jirani wa jirani, unazunguka na kumrudia upande ule mwingine. Chipu inaona mkondo umepata nafasi, inadhani ni maji. Watu wakiwa wengi, njia ya pili ni ndefu na mkondo mchache hupita humo. Wakiwa wachache njia ni fupi, na kipimo kinashuka zaidi.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini hatukulifikiria hilo tangu mwanzo. Nyawira alisema tulifikiria nusu yake. Tulijua mtu akigusanisha mikono yake mwenyewe kipimo huanguka zaidi ya nusu, na chipu ilifundishwa kulitupa anguko la namna hiyo. "Tulifikiria mikono yake," alisema. "Hatukufikiria mikono ya watu wengine." Haya yalisemwa ndani ya kikundi ambacho hakijawahi kufungua wala kufunga kikao bila kushikana mikono.

Kamene alikuwa amefunika mdomo. Alisema kwao Ngoliba, kila jioni kabla ya chakula, babake huwasimamisha wote wakashikana mikono. Desemba walikuwa watano, baba mwenyewe, mama na wajukuu watatu. Januari wawili wakarudi shule ya bweni. Wakabaki watatu. Alihesabu kwa vidole, watano, halafu watatu, akaanza kulia, na akasema tusimjali, ni furaha. Alisema wamemlaza baba hospitali mara mbili kwa sababu watoto wamefungua shule.

Wanachama walipiga makofi. Njau aliuliza kama sasa mchoro unaweza kwenda.

KUMB. NA. 6/2/2026: JUMAPILI

Katibu aliomba kuelezwa habari ya Jumapili, kwa sababu alitaka kuiandika na hakuona mahali pa kuiweka.

Nyawira alisema pole pole kwamba Jumapili kipimo kilishuka theluthi, na theluthi ni watu wawili. Mmoja mwenye bangili na mwingine amemshika mikono yote miwili. Kama Mzee angefumba mikono yake mwenyewe kuomba, chipu ingelitupa anguko hilo. Basi palikuwa na mtu wa pili, au kama hakuna mtu, ni kitu kingine.

Kamene alisema hakukuwa na mtu. Mama na Nzisa walikuwa Matuu. Yeye mwenyewe alimwuliza baba Jumatatu kama kuna mgeni aliyekuja, na baba alijibu, "Nani wa kuja huku na jua hili?"

Mwenyekiti aliuliza kama kitu kingine maana yake ni maji. Nyawira alisema hajui. Alisema angependa kusema siyo, lakini hajui, kwa sababu chipu imebakisha namba moja tu na haisemi kipimo kilishuka kwa kasi gani.

Kamene alisimama akachukua mkoba wake. Alisema anakwenda stendi, na Mzee akipenda asipende leo analala hospitali. Alikuwa ameshafungua mlango Kyalo aliposema, "Kamene, kaa. Ni mimi."

Kamene aliuliza nini ni yeye.

Kyalo alisema, "Jumapili. Ni mimi nilikuwa na yeye."

Kyalo aliomba yafuatayo yasiandikwe. Mwenyekiti aliamua yaandikwe, kwa kuwa ndiyo chanzo cha kipimo, lakini yaandikwe kwa adabu. Katibu amejaribu.

Kyalo alieleza kwamba simu yake imekuwa ikilia kila jioni kama za wenzake. Kila ikilia alikuwa akimwona baba amekufa na hawajaongea. Jumapili alishindwa, akaenda Ngoliba. Alimkuta Mzee ameketi nje ya nyumba akipukuchua mahindi. Mzee hakumfukuza. Hakumkaribisha pia. Kyalo alichukua hindi akaketi chini akaanza kupukuchua, na wakafanya hivyo muda mrefu bila neno. Kisha Mzee akaonyesha bangili akauliza, "Hii kitu inafanya nini?" Kyalo akamweleza, kwa lugha nyepesi. Mzee akauliza, "Na ni wewe uliifikiria?" Kyalo akasema ni wao, yeye na wenzake. Mzee akapangusa mikono kwa suruali, akainyoosha yote miwili, akasema, "Lete mikono tuombe."

Waliomba. Mzee akamwambia aondoke kabla mama hajafika, na asimwambie mtu bado, maana anataka kumwambia mama yeye mwenyewe akipata maneno. Kyalo akaondoka. Hajafika barabarani simu ikalia. Kipimo kimeshuka theluthi.

Hapa Njau alimpa Kyalo maji. Alipokunywa alisema, "Nilijua nimemuua. Nilijua moyo wake umeshtuka kuniona. Nimekaa na hiyo wiki nzima." Alimgeukia Nyawira, akasema alitaka saketi yake iwe mbovu kwa sababu ikiwa nzima, basi ni yeye. Alimwomba radhi. Nyawira alisema, "Wee Kyalo," na akamsogezea kiti.

Kamene alipiga simu nyumbani, akaiweka mezani wote tusikie. Mazungumzo yalikuwa hivi.

Kamene alimwuliza babake kama Jumapili alikuwa na mgeni. Mzee akauliza, "Nani anauliza?" Kamene akasema ni kazi, ni mambo ya bangili. Mzee akauliza, "Kyalo yuko hapo?" Kamene akasema yuko. Mzee akasema, "Amewaambia."

Kamene akasema amewaambia. Akasema pia, kwa sauti iliyopanda kidogo, kwamba yeye amepoteza usingizi wiki nzima kwa sababu ya mtu mzima kuficha mgeni.

Mzee alisema pole. Kisha alisema, "Mwambie akuje leo. Hii bangili ya kushoto inalegea. Akuje aifunge mwenyewe, wewe unafunga kama bandeji." Simu ikakatwa.

Mwenyekiti alitoa leso na kusema vumbi la barabara hii limezidi.

KUMB. NA. 7/2/2026: MAAZIMIO

Kikao kilikubaliana kama ifuatavyo.

Mchoro wa chipu ya pili hautatumwa Jumatatu. Pendekezo lilitolewa na Kyalo na kuungwa mkono na Nyawira. Kyalo alisema alichofanya ili betri idumu kimemtisha babake, dadake na yeye mwenyewe, na hataki familia nyingine ipitie hapo. Chipu ya pili itahifadhi kasi ya kushuka. Maji mwilini huja pole pole, mkono wa mtu huja ghafla, na chipu lazima ijue tofauti. Njau alipinga kungoja mpaka mwezi wa sita na akaomba iandikwe kwamba amepinga. Imeandikwa.

Njau alipendekeza pia wagonjwa waambiwe wavue bangili wakati wa sala. Mwenyekiti alikataa kabisa. Alisema chipu ndiyo itakayojifunza, hakuna mtu atakayeambiwa aachilie mkono wa mwenzake kwa ajili ya chipu.

Kamene atampeleka Mzee Muoki kupimwa Jumatatu hata hivyo. Alisema sasa anajua kipimo cha Jumapili kilitoka wapi, lakini moyo wa baba bado ni mgonjwa na yeye bado ni muuguzi. Kyalo atafuatana nao. Iwapo Mzee atakataa, Kyalo atamshawishi. Kyalo alisema atajaribu.

Kuanzia leo bangili za Mzee Muoki zitafungwa na Kyalo.

KUMB. NA. 8/2/2026: KUFUNGA

Kyalo aliomba ruhusa kuondoka kabla ya sala ili afike Ngoliba mapema, na akapewa. Kamene alimpa mkoba wenye vifaa vya kusafishia bangili na akamwonyesha jinsi ya kukaza bila kuumiza ngozi. Alimwonyesha mara kadhaa. Kyalo alimwambia ni yeye aliyeitengeneza hiyo bangili. Kamene alimwonyesha tena.

Wanachama waliobaki walisimama na kushikana mikono. Mwenyekiti aliomba kwa ufupi, jambo ambalo Katibu hajawahi kuliandika. Njau alifunga macho.

Nyawira alikuwa amesahau kuvua bangili za akiba. Baada ya amina aliangalia kompyuta, akasema kipimo kilishuka zaidi kidogo kuliko mwanzo. Mwenyekiti aliuliza kama kuna kasoro tena. Nyawira alisema hapana, ni kwamba mtu mmoja amepungua kwenye mduara.

Kikao kilifungwa saa kumi na moja jioni.

Zimethibitishwa kuwa ndivyo mambo yalivyokwenda:

Mzee Zacharia Muriithi, Mwenyekiti ................................ Tarehe ....................

Shiko Chege, Katibu ................................ Tarehe ....................